MADEREVA WATAKA NINI KATIKA GARI CHOTARA LIJALO?

Mpwa wangu mmoja ni dereva wa teksi hapa Mombasa. Kila asubuhi aiwashapo motakaa yake, sauti nyororo ya mwanamke humwambia maneno kwa Kijapani. Kwa muda wa miaka miwili ameyasikia maneno hayo, hata sasa aweza kuyatamka yote kwa ufasaha bila ya kukosa herufi moja, na abiria wake humcheka. Siku moja nilimwuliza, "Huyo bibi akwambiani?" Akanijibu, "Wallahi mjomba, sijui. Nafikiri anisalimia."

Nilimtafuta mtu ajuaye lugha hiyo nikamwuliza. Kumbe yule bibi hamsalimii mtu! Asema kwamba kadi ya kulipia ushuru wa barabara haikutiwa mahali pake. Barabara zenyewe ni za kule Japani, ambako tangu mwaka 2001 magari hulipa ushuru kwa mtambo huo bila ya kusimama. Gari limevuka bahari, limeuzwa, limepewa namba mpya, limezoea Kongowea na Makupa, lakini bibi bado adai kadi ya barabara ambayo gari hilo halitaikanyaga tena maishani mwake.

Nilikumbuka siku zetu za chuoni, tulivyokuwa tukikariri maneno ambayo maana yake tuliifahamu baadaye. Walakini chuoni maalimu alikuwapo wa kutufasiria. Katika gari la mpwa wangu mfasiri hakuwapo, na kwa ajili hiyo yalimpata mambo ambayo nitayaeleza hapa chini, maana kisa kilichoanza kwa kicheko hakikuishia kwa kicheko.

Baba petroli, mama stima

Gari lile ni la namna iitwayo haibridi. Mimi hupenda kuliita gari chotara, kama wakulima wasemavyo mbegu chotara. Ndani yake mna injini ya petroli kama tuzijuazo, na pamoja nayo mna mota za umeme na betri kubwa iliyofichwa upande wa nyuma. Gari likianza kuondoka huenda kwa umeme, kimya. Likitaka nguvu zaidi, injini huamka ikasaidia. Na dereva akanyagapo breki, ile nguvu ambayo katika gari la kawaida hupotea bure kwa joto, hapa hurudishwa betrini ikawa akiba. Ndiyo sababu katika foleni ya feri ya Likoni, ambapo magari mengine hunguruma yakinywa petroli bila ya kwenda popote, chotara hunyamaza kama aliyelala.

Fikra hii si ya jana. Mnamo mwaka 1900 Ferdinand Porsche, naye akingali kijana wa miaka 25 huko Vienna, aliunda gari lililochanganya petroli na umeme akaliita Semper Vivus, maneno ya Kilatini yenye maana ya "hai daima". Jina halikusadifu, kwani petroli ilikuwa rahisi na fikra ile ikalala usingizi wa karibu karne nzima. Iliamshwa Desemba 1997, Toyota ilipoanza kuuza Prius huko Japani, ambalo ndilo gari chotara la kwanza kutengenezwa kwa wingi. Honda wakafuata mwaka 1999 na gari lao Insight, na tangu hapo mlango haukufungwa.

Faida yake dereva huiona kituo cha petroli. Kwa vipimo vya serikali ya Marekani, Prius ya kizazi cha tatu, iliyotoka mwaka 2009, huenda kiasi cha kilomita 21 kwa lita moja. Na ya kizazi cha tano, iliyoonyeshwa Novemba 2022, hupita kilomita 24. Kwa mtu ambaye chakula cha wanawe chategemea tofauti baina ya pesa za abiria na pesa za petroli, hilo si jambo dogo. Septemba 2023, bei ya lita moja ya petroli ilipopita shilingi 200 jijini Nairobi, wengi waliokuwa wakiyacheka magari haya waliacha kucheka wakaanza kupiga hesabu.

Sisi ni mkono wa pili

Msomaji huenda akauliza: ya nini kushughulika na gari lijalo, hali sisi twanunua lililopita? Jibu ni hili. Sheria yetu ya Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililopindukia umri wa miaka minane, na aghalabu gari hushuka Kilindini likiwa na miaka sita au saba. Kwa hiyo gari ambalo mainjinia wa Japani wanalichora leo litatufikia wakati mtoto anayezaliwa leo yumo shuleni asoma. Likiisha kutengenezwa, halina tena nafasi ya kusikia shauri letu. Mwenye kutaka shati la kumtosha husema na fundi kabla kitambaa hakijakatwa.

Nami nimesema na madereva: wa teksi, wa kupeleka wageni hotelini, na wenye magari yao ya nyumbani. Nilidhani watataka mwendo wa kasi, au vioo vikubwa vya picha kama sinema. La, hasha. Karibu wote walitaka mambo manyofu kabisa, na la kwanza miongoni mwao ni kwamba gari liseme kweli, na liiseme kwa lugha wanayoielewa.

Bangili za dada yangu

Mpwa wangu alilinunua gari lake kwa pesa alizodunduliza miaka mingi. Zilipopungua, dada yangu, yaani mama yake, alitoa bangili zake mbili za dhahabu alizovishwa siku ya arusi yake akaziuza. Mwenye kuuza gari alionyesha namba ndogo za kilomita na bodi inayong'aa, akasema betri ni nzima kama mpya. Nani wa kumpinga? Betri ya chotara haipigwi kofi ikasikika kama tikiti maji.

Mwezi wa tano, akimpeleka abiria uwanja wa ndege, taa nyekundu ya pembetatu ikawaka mbele yake, na kiooni yakaja maandishi ya Kijapani. Hakujua yasema "simama" au yasema "endelea". Akaendelea. Alipofika Changamwe gari likakataa.

Fundi alipoifungua betri alikuta kwamba imeungua kwa joto. Betri ya gari kama hili hupozwa na feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari kupitia tundu lililo ubavuni mwa kiti cha nyuma. Tundu lile lilikuwa limezibwa na vumbi, na juu yake mpwa wangu mwenyewe alikuwa ametandika kitambaa kizuri cha kufunikia viti, ili abiria wastarehe. Tukakitoa kitabu cha maelezo ambacho kilikuwa kimekaa ndani ya kisanduku cha gari tangu siku ya kwanza. Kurasa nyingi, zote Kijapani. Lakini ukurasa mmoja ulikuwa na picha: kiti, tundu, na alama ya kukataza.

Onyo lilikuwamo garini siku zote. Aliyelipanda kila siku hakuweza kulisoma. Betri ya kubadili ilikula pato lake la miezi mitatu, na bangili za mama yake hadi leo hazijarudi.

Haja ya kwanza: lugha

Ndipo nikafahamu kwa nini madereva walitanguliza lugha. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana lugha nyingine ila ya huko. Ramani yake ni ya visiwa vya Japani, hata uwapo Malindi. Redio nayo ina mkosi wake: mawimbi ya FM ya kule huanzia 76, na redio za magari mengi zilitengenezwa ziishie 90, hali ya kwetu huendelea hadi 108. Basi dereva hununua kijidude cha kuyashusha mawimbi ili tu apate kusikia habari na taarabu ya nyumbani kwao.

Simu ndogo ya mkononi, ya bei ya mbuzi mmoja, yaweza kusomeka kwa Kiswahili kwa kubonyeza mara tatu. Vipi gari lenye thamani ya nyumba lishindwe? Madereva hawataki muujiza. Wataka gari lijalo liwe na lugha za kuchagua, Kiswahili kikiwamo, na maonyo makubwa yasemwe wazi: "Betri ina joto, simama." Hayo ni maneno manne yatoshayo kuokoa mali ya mtu.

Haja ya pili: betri isiyoficha umri

Jambo la pili ni kuujua uzima wa betri kabla ya kutoa pesa. Huko Japani dhamana ya kiwanda cha Toyota juu ya mtambo wa haibridi kwa desturi ni miaka mitano au kilomita 100,000. Marekani, tangu magari ya mwaka 2020, betri yenyewe hupewa dhamana ya miaka 10 au maili 150,000. Tazama basi: gari litokalo Japani hutufikia dhamana yake imekwisha kufa na kuzikwa.

Ulimwengu umeanza kulifikiri jambo hili. Mwaka 2022 palipatikana kanuni ya Umoja wa Mataifa isemayo kwamba betri isipungue nguvu kwa zaidi ya asilimia 20 katika miaka mitano au kilomita 100,000, wala kwa zaidi ya asilimia 30 katika miaka minane au kilomita 160,000. Walakini kanuni hiyo yahusu magari ya umeme na chotara za kuchajiwa kwa waya. Chotara za kawaida, ambazo ndizo zilizojaa mabarabarani kwetu, haikuzigusa. Nao Umoja wa Ulaya, kwa sheria ya mwaka 2023, umeweka Februari 2027 kuwa mwanzo wa kila betri ya gari la umeme au chotara kuwa na pasi yake, kama msafiri, yenye habari za utengenezaji wake na uimara wake.

Hilo la pasi ndilo madereva wetu walitakalo, hata kama hawajapata kulisikia. Mmoja aliniambia, "Punda huangaliwa meno. Gari hili meno yake yako wapi?" Gari lijalo na lionyeshe lenyewe, kiooni mwake, betri imebakiwa na nguvu kiasi gani katika mia, na namba hiyo isiweze kuchezewa na mtu mwenye bisibisi.

Haja ya tatu: fundi wa mtaani aweze kulitibu

Betri ya Prius ya kizazi cha pili na cha tatu ina vipande 28 vilivyopangwa kama vitabu katika rafu, kila kimoja volti 7.2, jumla volti 201.6. Kikifa kimoja, fundi aweza kukitoa akatia kingine. Hiyo ni rehema kwa maskini. Lakini vipande hivyo ni kama wazee wapandao mlima wameshikana mikono: wote huenda kwa mwendo wa aliye dhaifu, na ukimtia kijana mmoja katikati yao, hatawafikisha kileleni upesi zaidi. Miezi michache baadaye hufa kingine, na dereva yuarudi gereji.

Kadhalika mna hatari. Zile nyaya za rangi ya machungwa si mapambo. Umeme upitao humo waweza kuua mtu. Fundi aliyejifunza kwa kuangalia, bila ya kitabu wala glavu za mpira, yuachezea roho yake. Madereva wataka watengenezaji waache kuficha elimu: vifunguzi vya magonjwa ya gari viuzwe kwa bei ambayo gereji ndogo itaimudu, vipande vya betri viwe vya kufunguliwa na kufungwa, na vitabu vya ufundi viandikwe kwa lugha za wafanyao kazi. Hapa serikali yetu na vyuo vya ufundi nao wana deni lao, wala tusimtupie Mjapani mzigo wote.

Haja ya nne: lisije kama mwizi

Mzee mmoja wa Kibokoni ambaye macho yake yamepungua aliniambia kwamba kwa miaka mingi amevuka njia kwa masikio. Pikipiki aisikia, lori alisikia, mkokoteni pia. "Lakini haya magari yenu mapya," alisema, "huja kama paka." Vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba, watoto hucheza milangoni, na chotara likienda polepole kwa umeme halina mlio.

Neno hili lilikwisha kusemwa na vyama vya vipofu kwingineko, na likasikika. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2019 kila muundo mpya wa gari la umeme au chotara, na tangu 2021 kila gari jipya la namna hiyo, lazima litoe sauti ya kuonya liendapo chini ya kilomita 20 kwa saa. Madereva wetu wataka sauti hiyo iwemo katika kila gari, popote liuzwapo. Wanaomba lakini isiwe ya kuudhi. Kelele Mombasa twazo za kutosha.

Haja ya tano: barabara zetu na giza letu

Chotara nyingi ni fupi za miguu. Tumbo la Prius ya kizazi cha tatu li kiasi cha sentimita 14 tu juu ya ardhi. Mwenye kuliunda alifikiri juu ya lami ya Tokyo. Hakufikiri matuta yetu, wala mvua za masika, wakati barabara zigeukapo mito. Madereva wataka gari lililoinuka kidogo, na betri iliyokaa mahali ambapo maji hayafiki.

Na mwisho wataka gari litoe umeme, lisiwe la kuutumia tu. Baada ya tetemeko kubwa la Machi 2011, Wajapani walipokaa gizani, hamu ya magari yenye tundu la kuchomekea vyombo vya nyumbani ilizidi, na chotara nyingi za huko sasa zina tundu litoalo wati 1,500. Hasara ni kwamba latoa volti 100, za kwao, hali vyombo vyetu vyataka 240. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipokatika karibu Kenya nzima, mangapi ya magari haya yalikuwa yamelala nje ya nyumba zenye giza, na umeme umo tumboni mwao? Volti za kuchagua, kama lugha za kuchagua, si ombi kubwa.

Wako pia watamanio chotara ya kuchajiwa nyumbani. Prius ya namna hiyo ya kizazi cha tano ina betri ya kilowati-saa 13.6, na kwa vipimo vya Marekani yaweza kwenda karibu kilomita 70 kabla ya kugusa petroli. Hiyo ni safari ya kutoka Mombasa hadi Kilifi na chenji ikabaki. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya stima ya Kenya yatoka katika mvuke wa Olkaria, mito na upepo, gari hilo litakuwa limekunywa cha nyumbani, si kilicholetwa na meli.

Neno la mwisho

Watengenezaji nao wana ndoto zao. Oktoba 2023 Toyota na kampuni ya Idemitsu Kosan walitangaza kushirikiana ili betri za namna mpya, zisizo na majimaji ndani, ziingie sokoni mwaka 2027 au 2028. Zikifaulu, na zije. Lakini betri bora ya ulimwengu mzima itakufa vilevile ikiwa tundu lake la hewa limezibwa na onyo lake limeandikwa kwa lugha ambayo mwenyewe haisomi.

Mpwa wangu angali yuaendesha. Kile kitambaa cha viti amekikata kwa mkasi mahali pa tundu, na kila Ijumaa hulisafisha kwa brashi ya meno. Yule bibi wa Kijapani bado amdai kadi yake kila asubuhi, naye siku hizi humjibu, "Sina, mama." Kwa wale wachorao gari lijalo nimewawekea ubeti mmoja:

Ewe muunda motaka, ukaaye ng'ambo mbali,
Gari lako likivuka, likafika Uswahili,
Lipe neno la hakika, lisinifiche ukweli,
Mwenye mkono wa pili, naye ni mwenye safari.